Kutoka Pointi hadi Mechi: Namna ya Kusoma Rekodi ya Roger Federer

1.0 Utangulizi

Rekodi ya mchezaji wa tenisi ya kulipwa huandikwa kwa tarakimu, na tarakimu huonekana kana kwamba zinajieleza zenyewe. Rekodi ya Roger Federer, Mswisi aliyezaliwa Basel tarehe 8 Agosti 1981, inaonesha kwamba sivyo. Katika mechi 1,526 za mchezaji mmoja mmoja alizocheza katika ngazi ya juu ya mchezo huo, alishinda 1,251 na kushindwa 275, yaani alishinda asilimia 82. Lakini katika jumla ya pointi zilizochezwa ndani ya mechi hizo, alishinda takribani asilimia 54 tu. Mwenyewe aliitaja tofauti hiyo alipowahutubia wahitimu wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, mwezi Juni 2024, na akaigeuza kuwa nasaha ya maisha. Makala haya yanaiacha nasaha na kushughulikia swali la kitakwimu lililo nyuma yake: je, asilimia 54 inawezaje kuzaa asilimia 82, na ni nini kinachopotea pale msomaji anapopewa tarakimu moja bila ya nyingine?

Swali hili lina uzito kwa mtafiti yeyote anayetumia takwimu za michezo kama ushahidi. Atakayesoma asilimia 82 peke yake atadhani kwamba Federer aliwazidi wapinzani wake kwa mbali katika kila pigo. Atakayesoma asilimia 54 peke yake atadhani kwamba alikuwa mchezaji wa kawaida mwenye bahati. Tarakimu zote mbili ni sahihi, lakini hitimisho la kila mmoja wa wasomaji hao ni potofu.

2.0 Kuhusu istilahi

Kabla ya kuendelea ni lazima kukubaliana juu ya maneno, kwa kuwa kitenzi kushinda kinabeba mzigo mkubwa mno. Mtu hushinda pointi, hushinda gemu, hushinda seti, hushinda mechi, hushinda shindano zima, na pia humshinda mtu. Sentensi kama "Federer ameshinda mara ishirini" inaweza kuwa na maana tatu au nne tofauti. (Isitoshe, kitenzi hichohicho kina maana ya kukaa mahali kutwa. Katika fainali ya Wimbledon ya mwaka 2019 wachezaji wote wawili walishinda uwanjani kwa saa 4 na dakika 57, ila aliyeshinda ni mmoja.) Kwa hiyo katika makala haya kushinda kutatajwa daima pamoja na kile kilichoshindwa.

Mchezaji anayeupiga mpira wa kwanza wa kila pointi ataitwa mwanzishaji, na mwenzake ataitwa mpokeaji. Mwanzishaji huanzisha pointi zote za gemu moja, kisha zamu humhamia mwenzake. Mpokeaji akishinda gemu ambayo hakuianzisha, tutasema amevunja gemu. Seti ikifika gemu 6 kwa 6, huchezwa gemu ya kuamua, ambayo humhitaji mshindi afikishe pointi 7 akiwa amemzidi mwenzake kwa pointi 2. Kurasa za michezo hupenda kusema kwamba mchezaji wa tenisi "amefungwa" seti kadhaa. Usemi huo umetoka katika soka, na kwa maoni yangu unapotosha, kwa sababu katika soka kinachofunga ndicho kinachohesabiwa hadi mwisho, jambo ambalo, kama itakavyoonekana, halitokei katika tenisi.

3.0 Rekodi kwa muhtasari

Federer alianza tenisi ya kulipwa mwaka 1998 na kutwaa taji lake la kwanza mjini Milan mwaka 2001. Alimaliza akiwa na mataji 103, idadi inayozidiwa na mataji 109 ya Jimmy Connors pekee. Katika mashindano makuu manne alitwaa mataji 20: 8 ya Wimbledon, 6 ya Australia, 5 ya Marekani na 1 la Ufaransa, lililopatikana mwaka 2009. Alikaa kileleni mwa orodha ya ubora kwa wiki 310, na 237 kati yake zilifuatana bila kukatika, kuanzia Februari 2004 hadi Agosti 2008. Alifika nusu fainali ya mashindano makuu mara 23 mfululizo. Mwaka 2006, ambao ndio mwaka wake uliojaa kuliko yote, alishinda mechi 92 na kushindwa 5. Katika hizo 5, 4 alishindwa na Rafael Nadal na 1 na Andy Murray.

Orodha hii inajulikana na haihitaji kurefushwa. Jambo lisilozungumzwa sana ni mgawanyo wake kwa aina ya uwanja. Kwenye nyasi alishinda mechi 192 na kushindwa 29 (asilimia 87). Kwenye uwanja mgumu alishinda 783 na kushindwa 157 (asilimia 83), na kwenye udongo 226 kwa 71 (asilimia 76). Mechi 68 zilizobaki zilichezwa juu ya zulia, aina ya uwanja wa ndani iliyokwisha kuondolewa katika mashindano ya ngazi hiyo. Huko alishinda 50. Mgawanyo huu utahitajika katika sehemu ya 6.0.

4.0 Njia kutoka asilimia 54 hadi asilimia 82

Tuchukue mchezaji wa kufikirika ambaye ana uwezekano wa asilimia 54 wa kushinda pointi yoyote, bila kujali ni nani ameianzisha na bila pointi moja kuathiri nyingine. Ili ashinde gemu anahitaji pointi 4 na kumzidi mwenzake kwa 2. Ukijumlisha njia zote za kufika huko, unapata kwamba mchezaji huyo atashinda takribani gemu 60 kati ya 100. Kutoka gemu kwenda seti hesabu hurudiwa: gemu 60 kati ya 100 huzaa takribani seti 76 kati ya 100. Kutoka seti kwenda mechi hurudiwa tena. Katika mechi ya kutafuta seti 2, mchezaji wetu atashinda mechi 86 kati ya 100. Katika mechi ya kutafuta seti 3, kama zilivyo mechi za wanaume katika mashindano makuu, atashinda takribani 91.

Kila ngazi, kwa hiyo, huikuza tofauti iliyoletwa na ngazi iliyo chini yake. Hakuna anayeongeza nguvu wala ustadi kati ya ngazi na ngazi. Kinachokuza ni kanuni ya mchezo ya kuhesabu upya kila baada ya hatua fulani. Pointi 4 za nyongeza katika kila 100 zinaonekana kuwa kitu kidogo kwa sababu tunazitazama katika ngazi isiyotoa mshindi.

Je, mfano huu wa kufikirika unalingana na mchezaji halisi? Hapa rekodi ya Federer inatoa jibu zuri kuliko ilivyotarajiwa. Akiwa mwanzishaji alishinda takribani asilimia 70 ya pointi, na akiwa mpokeaji takribani asilimia 40. Ukiingiza asilimia 70 katika kanuni ileile ya gemu, jibu ni kwamba mwanzishaji wa namna hiyo anapaswa kushinda gemu 90 kati ya 100 anazoanzisha. Rekodi ya Federer ni takribani 89. Ukiingiza asilimia 40, mpokeaji anapaswa kuvunja gemu 26 kati ya 100, na rekodi inaonesha kwamba alivunja zaidi kidogo ya robo. Ulinganifu huu si jambo dogo. Unaonesha kwamba, kwa wastani wa maisha yote ya uchezaji, gemu zake zilitokana na pointi zake kwa hesabu ya kawaida, bila ya siri nyingine kubwa.

Inabaki tofauti moja ya kuelezwa. Mfano unatabiri kati ya asilimia 86 na 91 ya mechi, ilhali Federer alishinda 82. Sababu ya msingi ni kwamba asilimia 54 ni wastani wa mambo yasiyofanana. Ndani yake kuna kijana wa miaka 17, kuna bingwa wa mwaka 2006, na kuna mtu wa miaka 39 mwenye goti lililofanyiwa upasuaji. Kuna wapinzani wa raundi ya kwanza na kuna Novak Djokovic. Mchezaji anayepata asilimia 58 ya pointi leo na 50 kesho ana wastani wa 54, lakini mechi anazozipata leo haziwezi kuzidi mia kwa mia, na za kesho ni nusu kwa nusu. Pointi za ziada za siku nzuri hazina mahali pa kwenda. Hali hii ya pointi zisizo na mahali pa kwenda ndiyo inayoonekana waziwazi zaidi katika fainali mbili zinazofuata.

5.0 Fainali mbili za Wimbledon

Tarehe 5 Julai 2009 Federer alimshinda Andy Roddick kwa 5–7, 7–6, 7–6, 3–6, 16–14. Jumlisha gemu: Federer 38, Roddick 39. Aliyeshinda gemu nyingi zaidi alikwenda nyumbani bila kombe. Roddick alivunjwa gemu mara moja tu siku hiyo, katika gemu ya 77 na ya mwisho ya mechi nzima.

Tarehe 14 Julai 2019 jambo hilo lilimgeukia Federer. Djokovic alimshinda kwa 7–6, 1–6, 7–6, 4–6, 13–12. Katika karibu kila safu ya takwimu jina la Federer liko juu. Alishinda pointi 218 dhidi ya 204. Alishinda gemu 36 dhidi ya 32. Alivunja gemu mara 7, Djokovic mara 3. Mipira ya kuanzishia ambayo mpinzani hakuigusa ilikuwa 25 kwa 10, na mapigo ya ushindi, yaani yale yaliyomaliza pointi bila mpinzani kuurudisha mpira, yalikuwa 94 kwa 54. Msomaji akifunikwa matokeo na kuoneshwa jedwali hili, hatasita kumtaja mshindi, naye atakuwa amekosea.

Maelezo ya kawaida ni kwamba Djokovic alishinda "pointi zilizohitajika". Usemi huu ni kweli, ila haufafanui chochote mpaka pointi hizo zitengwe na kuhesabiwa. Zilichezwa gemu 3 za kuamua, na Djokovic alishinda zote kwa 7–5, 7–4 na 7–3. Hizo ni pointi 33: Djokovic 21, Federer 12. Sasa ziondoe katika jumla. Katika pointi 389 zilizobaki Federer alishinda 206 na Djokovic 183, yaani asilimia 53 kwa 47. Hiyo ni tofauti inayokaribia sana ile ya wastani wake wa maisha. Katika pointi 33 zinazosalia, ambazo ni chini ya asilimia 8 ya mechi, Federer alishinda asilimia 36. Seti zote 3 za Djokovic zilitoka humo.

Pointi za ziada za Federer zilikwenda wapi basi? Sehemu yake kubwa ilitumika katika seti ya pili, aliyoshinda 6–1, na nyingine katika ya nne. Seti iliyoshindwa 6–1 ina thamani sawa na seti iliyoshindwa 7–6. Katika mashindano ya soka ya mikondo miwili, timu iliyopata mabao manne nyumbani huyabeba mabao hayo hadi mkondo wa pili, na mpinzani hana budi kuyalipa. Katika tenisi mizani hurudishwa kwenye sifuri seti inapoisha, na akiba haihamishwi. Ndiyo maana nimesema kwamba usemi wa "kufungwa" hauufai mchezo huu.

Ipo pia hoja ya moyo dhaifu, nayo inastahili kujibiwa kwa takwimu kwa kuwa husemwa kana kwamba imethibitishwa. Katika seti ya tano Federer alikuwa akiongoza 8–7, yeye ndiye mwanzishaji, na alikuwa 40–15: pointi 2 za kutwaa ubingwa. Alizipoteza zote, kisha akavunjwa gemu. Mwanzishaji anayeshinda pointi 6 tu kati ya 10 anapaswa kushinda gemu kama hiyo mara 95 kati ya 100. Kilichotokea kilikuwa nadra. Wanaomshutumu huongeza nusu fainali za Marekani za mwaka 2010 na 2011, ambazo pia alishindwa na Djokovic baada ya kuwa na pointi 2 za mechi kila mara, na kusema kwamba mara tatu si bahati.

Udhaifu wa hoja hii uko katika namna mifano ilivyochaguliwa. Mechi tatu zimechukuliwa kati ya 1,526 kwa sababu tu zilikwisha vibaya. Zile ambazo pointi ya mechi ilimalizwa bila tatizo hakuna anayezikumbuka. Kipimo cha haki zaidi ni kutazama mahali ambapo shinikizo hujirudia mara nyingi. Katika gemu za kuamua, Federer alishinda takribani asilimia 65 katika maisha yake yote ya uchezaji. Mchezaji wetu wa kufikirika mwenye asilimia 54 ya pointi angeshinda takribani asilimia 61 au 62. Yaani, pale ambapo mtu mwenye moyo dhaifu angepungua, Federer alizidi kidogo. Kuhusu nafasi za kuvunja gemu, alizitumia asilimia 41, karibu sawa na asilimia 40 aliyoipata katika pointi za kawaida akiwa mpokeaji. Takwimu hizi hazimfanyi kuwa shujaa wa nyakati ngumu, lakini haziruhusu kabisa kumwita mwoga. Siku ya tarehe 14 Julai 2019 alicheza vibaya pointi 33. Hilo ndilo data inaloruhusu kusemwa, na halizidi hapo.

6.0 Mechi 40 dhidi ya Nadal

Federer alikutana na Nadal mara 40. Alishinda mechi 16 na kushindwa 24. Tarakimu hii hutolewa kama hukumu ya mwisho juu ya nani alikuwa bora. Ikipasuliwa kwa aina ya uwanja sura yake hubadilika: kwenye udongo 2 kwa 14, kwenye uwanja mgumu 11 kwa 9, kwenye nyasi 3 kwa 1. Nje ya udongo, basi, Federer aliongoza 14 kwa 10.

Hata hivyo, kuiacha hoja hapo ni kumpendelea Federer, kwa kuwa udongo ni uwanja halali kama mwingine. Swali la kitaaluma ni jingine: kwa nini mechi 16 kati ya 40, yaani asilimia 40, zilichezwa kwenye udongo, ilhali katika mechi zote za Federer udongo ulichukua 297 kati ya 1,526, yaani chini kidogo ya asilimia 20? Sampuli ya mechi hizi 40 haikuchukuliwa bila mpangilio. Wachezaji wa daraja la juu hupangwa pande tofauti za ratiba, hivyo hukutana tu pale ambapo wote wawili wameshinda mechi zilizotangulia. Kwenye udongo Federer alikuwa mzuri vya kutosha kufika fainali na kumkuta Nadal pale. Katika Roland Garros peke yake walikutana mara 6, na Federer alishindwa zote. Kwenye uwanja mgumu, hasa katika miaka ya 2004 hadi 2007, Nadal aliyekuwa bado kijana mara nyingi alitolewa kabla ya hatua ambayo Federer angekuwa anamsubiri. Federer alipata adhabu ya kitakwimu kwa kufika mbali. Kama angekuwa mchezaji duni zaidi wa udongo na kutolewa katika raundi ya tatu, rekodi yake dhidi ya Nadal ingependeza zaidi.

Katika mashindano makuu nje ya Roland Garros walikutana mara 8 na kila mmoja akashinda 4. Naiona hii kuwa tarakimu ya haki kuliko zote katika uhasama wao, ingawa mechi 8 ni chache mno kuweza kubeba hoja kubwa.

7.0 Yasiyoingia katika hesabu

Mechi isiyochezwa haihesabiwi. Novemba 2014 Federer alijitoa kabla ya fainali ya mashindano ya kufunga mwaka jijini London kwa sababu ya mgongo, na Djokovic akapata taji kwa ushindi wa mezani. Machi 2019 Nadal alijitoa kabla ya nusu fainali yao ya Indian Wells kwa sababu ya goti. Mwaka 2021 Federer alijitoa Roland Garros baada ya kushinda raundi ya tatu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoingia katika ushindi 1,251 au kushindwa 275, wala katika rekodi za ana kwa ana. Kinyume chake, mchezaji anayeacha mechi iliyokwisha kuanza huandikiwa kushindwa. Federer hakuwahi kufanya hivyo katika mechi zote 1,526, na kwa hiyo kila moja ya zile 275 ilichezwa hadi pointi ya mwisho. Mtafiti anayelinganisha asilimia ya ushindi ya wachezaji wawili hana budi kuangalia jambo hili, kwa sababu kujitoa asubuhi ya mechi na kujitoa katika seti ya pili ni uamuzi unaofanana kiafya lakini unaandikwa tofauti kabisa.

Kanuni nazo hubadilika chini ya miguu ya takwimu. Mwaka 2009 Wimbledon haikuwa na gemu ya kuamua katika seti ya tano, na ndiyo maana 16–14 iliwezekana. Mwaka 2019 gemu hiyo iliwekwa kwenye 12–12, na fainali iliyoelezwa hapo juu ilikuwa ya kwanza ya mchezaji mmoja mmoja kuamuliwa kwa njia hiyo. Tangu mwaka 2022 mashindano makuu yote manne huiweka kwenye 6–6, ikichezwa hadi pointi 10. Chini ya kanuni ya sasa seti haiwezi kuzidi gemu 13, na mechi ya seti tano haiwezi kuzidi gemu 65. Fainali ya mwaka 2009 ilikuwa na gemu 77 na ile ya 2019 ilikuwa na 68, hivyo rekodi zote zinazotegemea urefu wa mechi hizo, zikiwemo zile za idadi ya gemu na za mipira ya kuanzishia isiyoguswa, zinapaswa kuwekwa katika jedwali lake peke yake.